Ilhamu ya Mpiga Picha Msafiri

Imekuwa ada ya wale waandikao juu ya sanaa ya picha kusema kwamba mpiga picha msafiri huongozwa na ilhamu, kisha hunyamaza kana kwamba neno hilo ni jawabu. Neno hilo si jawabu, ni pazia. Husemwa kuwa msafiri alitembea, akaona, moyo ukamruka, kidole kikabonyeza, na ulimwengu ukapata picha. Nani aliyemlipia nauli, nani aliyemfundisha kutazama, picha ya nani aliiona kabla ya kupiga yake, na nani aliyesimama mbele ya lenzi, yote hayo hukaa nyuma ya pazia. Wanafunzi huandika insha nzuri juu ya pazia hilo, na walimu wao huwapa alama nzuri.

Hoja hii yafaa ijaribiwe kwa mtu mkubwa, maana kumshinda mdogo si ushindi. Basi na ajaribiwe Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1908 akafariki mwaka 2004. Mtu huyu alizunguka Hispania, Italia, Meksiko, Bara Hindi, Uchina, Indonesia na Urusi akiwa na kamera ndogo ya Leica na mikanda ya filamu ya milimita 35. Hakupenda taa ya kumulika, hakupenda picha zake zikatwe pembeni, na sehemu za kamera zilizong'aa alizifunika kwa weusi ili watu wasimtambue upesi. Vyuo vingi vifundishavyo upigaji picha vimemweka mahali ambapo wanafalsafa humweka Plato. Amestahili sifa, na hilo halibishwi hapa. Linalobishwa ni hadithi isimuliwayo juu ya chemchemi ya kazi yake.

Hadithi yenyewe huanza na jina la kitabu. Mwaka 1952 kilitoka Paris kitabu chake kikubwa, chenye jalada lililotengenezwa na Matisse, kwa jina la Images à la Sauvette. Maneno hayo humkumbusha Mfaransa mchuuzi wa barabarani asiye na leseni, yule atandazaye vitu vyake juu ya kitambaa huku macho yakimtafuta askari, tayari kukunja na kukimbia. Hakuna mji wa Afrika ya Mashariki usiomjua mtu huyo. Lakini toleo la Kiingereza lilitoka mwaka uo huo kwa jina jingine, The Decisive Moment, yaani nukta ya kukata shauri. Jina hilo lilitokana na maneno ya Kadinali de Retz, mtu wa karne ya 17, ambayo Cartier-Bresson aliyaweka mwanzoni mwa utangulizi wake, na aliyelichagua liwe jina la kitabu alikuwa mchapishaji wa Marekani. Katika Kifaransa mpiga picha ni mchuuzi mwenye hofu. Katika Kiingereza akageuzwa kadhi wa wakati. Dunia ikamsahau mchuuzi ikamfuata kadhi. Juu ya jina lililopendwa na muuza vitabu pamejengwa madhehebu mazima, na wafuasi wake ni maprofesa.

Madhehebu hayo hufundisha kwamba mpiga picha mkubwa huiona nukta kabla haijafika. Walakini picha ambayo hutolewa kila mara kuwa ushahidi, ile ya mwaka 1932 ya mtu arukaye dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, ilipigwa kupitia mwanya wa ua wa mbao. Mwanya haukutosha lenzi, na baadaye picha ikalazimika kukatwa upande. Mwenyewe alipoyaeleza mambo hayo katika uzee wake aliipa bahati sehemu kubwa ya sifa. Wafasiri wake hawakumsikiliza. Ni shida kumsikiliza mtume ambaye haiamini dini yake mwenyewe.

Ilhamu yake, basi, ilitoka wapi? Baadhi yake ilitoka katika uzi wa pamba. Jamaa zake walikuwa matajiri, wenye kiwanda cha nyuzi za kushonea ambazo jina lao lilijulikana katika vikapu vya mafundi wa Ufaransa, na baba yake alitaraji amrithi katika biashara. Kijana hakutaka kiwanda, lakini posho ya nyumbani ilimpa nafasi ya kutafuta njia nyingine bila ya kulala njaa. Baadhi ilitoka kwa mwalimu. Katika miaka ya mwisho ya 1920 alisoma uchoraji kwa André Lhote, mtu aliyekuwa mkali mno juu ya vipimo na mizani ya umbo. Kila mtu ashangaaye jinsi Cartier-Bresson alivyopanga ngazi, ukuta na baiskeli ndani ya pembe nne za picha anashangaa masomo ya Lhote bila kujua. Jicho hilo halikushuka kutoka mbinguni; lilisuguliwa darasani kwa mkaa na karatasi.

Baadhi ilitoka Afrika, na hapa ndipo waandishi hupita mbiombio. Mwaka 1931 kijana huyo alisafiri hadi Côte d'Ivoire, koloni la Ufaransa wakati huo. Alikaa huko muda wa karibu mwaka, akipata riziki kwa kuwinda na kuuza nyama. Alikuwa na kamera ndogo, lakini hewa ya joto na unyevu iliharibu kazi yake, zikasalimika picha chache tu. Kisha alishikwa na homa ya mkojo mweusi iliyokaribia kumwua, akarejea Ufaransa akiwa dhaifu. Wasifu mwingi hulitaja jambo hili kama kisa cha ujana, kitu cha kuchekesha kabla ya kazi yenyewe kuanza. Lakini wasifu huo huo, kurasa chache mbele, humweleza mpiga picha anayenyata, anayejificha, anayengoja bila kupumua, anayepiga mara moja na kuondoka. Hiyo ni elimu ya mwindaji, na aliipata porini Afrika ya Magharibi. Mwandishi atajaye unyati na asitaje pori ni kama mtu asifuye wali asiyetaka kusikia habari za shamba.

Halafu ikaja picha ya watoto watatu.

Baada ya kurudi kutoka Afrika, Cartier-Bresson aliona picha moja iliyopigwa na Martin Munkácsi. Watoto watatu weusi, wameipa kamera mgongo, wanakimbia kuingia majini. Povu limewapanda miguuni, mikono imetanda, na miili yao mitatu imeshikana na wimbi kama herufi zinavyoshikana katika neno. Miaka mingi baadaye, akimwandikia binti wa Munkácsi, Cartier-Bresson alisema kuwa picha hiyo ndiyo cheche iliyowasha baruti yake, na hakuficha kwamba hakuna picha nyingine iliyompata kwa nguvu kama ile. Mwaka 1932, mjini Marseille, alinunua Leica. Uchoraji akauweka kando kwa muda wa miaka arobaini.

Munkácsi naye alikuwa msafiri. Alizaliwa mwaka 1896 Kolozsvár, mji uliokuwa wa Hungaria na ambao leo ni Cluj katika Romania. Alianza na picha za michezo, akahamia Berlin mwaka 1928, na gazeti la Berliner Illustrirte Zeitung likampeleka Uturuki, Misri, Sisili na Liberia. Alikuwa Myahudi, mwaka 1934 aliikimbia Ujerumani ya Hitler akaenda New York, akabadili upigaji wa picha za mavazi kwa kuwatoa wasichana ndani ya studio na kuwakimbiza pwani. Alifariki mwaka 1963, na jina lake lilikuwa limekwisha kufifia.

Sasa msomaji na aangalie maneno yaandikwayo chini ya picha yake. Katika vitabu na maonyesho mengi huitwa Watoto Watatu katika Ziwa Tanganyika, na mwaka hutajwa kuwa yapata 1930. Katika vingine huitwa Liberia. Cartier-Bresson mwenyewe, alipoikumbuka, alisema watoto walikuwa wakiingia baharini. Baina ya pwani ya Liberia na Ziwa Tanganyika pana zaidi ya kilomita 4,000. Liberia iko juu ya Atlantiki. Ziwa Tanganyika liko ndani kabisa ya bara, refu la karibu kilomita 670, lenye kina cha karibu mita 1,470, na mwaka 1930 pwani zake zilikuwa chini ya Waingereza na Wabelgiji. Watu wa Ujiji na Kigoma hawana ndugu wala lugha moja na watu wa Monrovia. Mmoja wa majina hayo mawili ni wa uongo, na picha hiyo imetembea duniani kwa karibu miaka mia ikiwa na yote mawili.

Hapana budi kuwa mwangalifu katika kuamua. Iko hoja ya mawimbi: yanaonekana makubwa, ya bahari. Lakini wavuvi wa dagaa wa Kigoma wanajua jinsi ziwa lao linavyochafuka upepo wa kusini uvumapo, kwa hiyo mawimbi peke yake hayatoshi. Hoja yenye uzito zaidi ni ya safari. Safari ya Munkácsi ya Liberia inajulikana, nayo huhesabiwa miongoni mwa safari zake mashuhuri. Wale wanaolitaja Ziwa Tanganyika hulitaja kwa mazoea, bila kuonyesha alifikaje huko, kwa reli ya Dar es Salaam au kwa njia ya Kongo, na gazeti lilimtuma kwa shughuli gani. Yamkini, basi, watoto wale walikuwa wa Liberia. Kama ndivyo, Tanganyika imepewa sifa isiyo yake na Liberia imenyang'anywa yake. Wapo Watanzania wanaojivunia picha hiyo katika mihadhara, na itawauma kuiacha. Na iwaume. Sifa ya kuokota si sifa.

Lakini kosa la jina si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni kwamba kosa hilo liliwezekana, na likaishi, bila ya kumnyima usingizi hata mmoja wa wale waliojaza maktaba kwa habari za ilhamu ya Cartier-Bresson. Wanajua alisoma kwa nani, wanajua kamera yake ilikuwa na lenzi ya milimita 50, wanajua alioa nani na lini. Wakifika kwenye chemchemi ambayo mwenyewe aliitaja kwa kalamu yake, wanaridhika na Afrika tupu, Afrika isiyo na mji wala mwezi.

Watetezi wao hujibu kwamba uzuri hauhitaji anwani. Husema kuwa watoto wale wamekuwa mfano wa furaha ya wanadamu wote, na kwamba kuwauliza kijiji chao ni kuwashusha. Jawabu hili lina utamu, na limewadanganya hata wasomi wa Kiafrika. Walakini mbona yule mtu arukaye dimbwi hajapandishwa cheo kwa njia hiyo? Yeye naye hana jina, uso wake hauonekani, naye pia angeweza kuwa mfano wa wanadamu wote. Lakini stesheni yake imehifadhiwa. Mwaka wake umehifadhiwa. Vitabu husema ni nyuma ya Saint-Lazare, hata uwanja wenyewe, Place de l'Europe, hutajwa, na mgeni mjini Paris aweza kwenda kusimama hapo akapima kivuli. Hakuna aliyeona kwamba anwani ya Paris inaupunguza utu. Ni anwani ya Mwafrika tu ndiyo ionekanayo kuwa mzigo juu ya uzuri.

Upande wa pili wamo wenye hasira wasemao kuwa Munkácsi alikuwa mwizi, na Cartier-Bresson mpokeaji wa mali ya wizi. Hao nao wamekosea njia. Mpiga picha wa gazeti aliyefika pwani, akaona watoto wakikimbia, akafungua lenzi, hakuiba kitu katika nukta ile. Na mtu aliyekiri deni lake katika barua kwa binti wa marehemu hawezi kuitwa mficha deni. Dhambi iko kwa watunza daftari. Mkopaji amesema, "Nadaiwa," na karani akaandika, "Huyu hakukopa kwa mtu."

Sanaa ya Waswahili ina desturi ambayo ingewafaa makarani hao. Watungaji wa tenzi wa zamani aghalabu hawakumaliza kazi bila ya kutaja majina: nani aliyewaomba watunge, kisa walikipata katika chuo gani au kwa mtu gani, na wao wenyewe ni wana wa nani. Hawakuona haya kusema kuwa hadithi si yao. Ilhamu kwao ilikuwa dua ya kuomba ulimi ufunguke. Habari yenyewe waliipokea kwa mtu, na mtu huyo alikuwa na haki yake.

Kwa safari zake za baadaye mambo ni dhahiri zaidi. Mwaka 1947 Cartier-Bresson, Robert Capa, David Seymour na George Rodger walianzisha shirika la Magnum, wakagawana dunia kama wafanyabiashara wagawanavyo soko: Seymour Ulaya, Rodger Afrika na nchi za Kiarabu, Cartier-Bresson Asia, Capa popote. Kwenda kwake Bara Hindi hakukutokana na njozi. Mkewe, Ratna Mohini, alikuwa mchezaji ngoma wa Java, na walikuwa pamoja katika safari hizo. Nyumba ambazo mgeni wa Kizungu angezipita nje, yeye aliingia kama mkwe wa Asia. Tarehe 30 Januari, 1948, alionana na Gandhi muda mfupi kabla ya kuuawa kwake, na picha za maziko zikaenea ulimwenguni. Mwishoni mwa mwaka huo gazeti la Life lilimwagiza aende Peking kuona mwisho wa serikali ya Kuomintang. Alidhani atakaa wiki mbili, akakaa miezi kumi, na ile picha ya watu wa Shanghai waliobanana nje ya benki wakigombea dhahabu ilitoka katika agizo hilo. Hata kusafisha mikanda na kuchapa picha hakukuwa kazi yake; iliyofanywa Paris ilipita katika chumba cha giza cha Pierre Gassmann. Mtu akishaondoa mke, shirika, agizo la gazeti, fundi wa chumba cha giza na wale watu waliobanwa ubavu kwa ubavu nje ya benki, ilhamu iliyobaki itaenea kiganjani.

Yuko mmoja katika wanne hao aliyeonyesha kuwa mpiga picha aweza kuijua chemchemi na kuilinda. Mwaka 1949 George Rodger alifika Kordofan, Sudan, akakaribishwa na Wanuba, akapiga picha ya mshindi wa mieleka aliyebebwa mabegani. Picha hiyo ikamfikia Leni Riefenstahl, mwanamke aliyewatengenezea Manazi filamu ya Triumph des Willens ya mwaka 1935, nayo ikamtia tamaa. Alimwandikia Rodger akimpa fedha ili amjulishe kwa watu wale. Rodger alikuwa ameingia kambi ya Bergen-Belsen mwezi Aprili, 1945, akaziona maiti, alikataa. Riefenstahl alikwenda kwa njia nyingine, na mwaka 1973 akatoa kitabu chake cha Wanuba, kilichojaa miili mizuri. Waliokisifu walisema ana jicho. Jicho lilikuwa la mtu mwingine, na mlango ulikuwa umefungwa kwa makusudi na mwenye kuujua. Lakini msamiati wa ilhamu hauna neno la mlango uliofungwa. Kwake kila aingiaye ameitwa.

Mtu aweza kudhani kuwa haya ni mabishano ya marehemu. La hasha. Kamera za filamu zimerudi mikononi mwa vijana, katika Nairobi na Dar es Salaam kama katika Berlin. Mkanda una picha 36, ni ghali, na kumpata wa kuusafisha ni taabu, kwa hiyo kijana hujifunza kungoja kabla ya kubonyeza. Hiyo ni faida. Lakini akiulizwa anapata wapi ilhamu, hutaja machweo, upweke na barabara ndefu, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa kujibu. Hamtaji mzee wa Bagamoyo aliyemweka kivulini saa mbili akimsimulia, wala nahodha aliyemvusha bila nauli, wala picha aliyoitazama utotoni ukutani kwa studio ya mtaani. Amefundishwa kuwa kukiri ni kupungukiwa. Na chuo kilichomfundisha hivyo kinaitwa chuo cha sanaa.

Juu ya watoto watatu, kazi haijawa ya kukata tamaa. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka 1930 angekuwa amepita mia sasa, kwa hiyo wao wenyewe hawatapatikana. Lakini magazeti ya Berlin ya miaka ile yamehifadhiwa katika maktaba, na masanduku ya mabamba ya kioo ya Munkácsi, yaliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa yamepotea, yalijitokeza tena mwanzoni mwa karne hii, yakanunuliwa na International Center of Photography ya New York. Mtafiti mmoja mwenye subira, ajuaye Kijerumani na aliyewahi kuliona Ziwa Tanganyika likichafuka, angefanya katika miezi michache jambo ambalo wasifu ishirini haukulifanya. Hadi hapo, chini ya picha na iandikwe: Watoto watatu ambao majina yao hayakuulizwa, yamkini Liberia, si Ziwa Tanganyika, yapata 1930, mpiga picha Martin Munkácsi. Mhariri atakayelalamika kwamba maelezo hayo ni marefu mno na apunguze sifa katika utangulizi wake.